Hiroglifi: picha zinazosomwa kwa sikio

Wamisri wa kale walimwita paka "miu". Litamke polepole na utajua walilitoa wapi. Walipoliandika walichora alama nne: mtungi wa maziwa, jani la tete, kifaranga cha kware, na mwishoni paka mwenyewe, ameketi, mkia kaukunja. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba hiroglifi ni "maandishi ya picha" atautazama mstari huo na kuanza kutunga kisa: paka kaona maziwa kando ya matete, kifaranga naye katimua mbio. Kisa kizuri, ila hakimo. Mtungi umewekwa pale kwa ajili ya sauti "mi". Tete linakazia "i". Kifaranga ni "u". Na paka, ambaye ndiye mwenye habari yenyewe, hasomwi kabisa. Kazi yake ni kumwambia msomaji: hilo neno ulilolisikia sasa hivi ni la mnyama huyu.

Ukimwelewa paka huyo, sehemu kubwa ya hiroglifi umeshaielewa. Maelezo ya "maandishi ya picha" si ya uongo, kwa kuwa picha zimo, tena nzuri ajabu. Tatizo ni kwamba yanamwelekeza msomaji atumie macho pale anapotakiwa kutumia masikio. Kosa hilo liliwafunga wasomi kwa zaidi ya miaka 1,400, na bado linatufunga sisi tunapolitumia neno hiroglifi kwa kila mchoro wenye maana.

Jina lilikotoka

Neno lenyewe ni la Kigiriki. "Hieros" ni takatifu, "glyphein" ni kuchonga. Wagiriki walioyaona maandishi haya kwenye kuta za mahekalu ya Misri waliyaita michongo mitakatifu, na jina likaenea ulimwenguni kupitia lugha za Ulaya. Katika Kiswahili utalikuta likiandikwa hieroglifi na pia hiroglifi. Mimi natumia la pili kwa sababu linatamkika bila kujikwaa.

Wamisri wenyewe waliyaita "medu netjer", maneno ya mungu. Jina hilo waliliandika kwa alama mbili kuu: kitu kinachofanana na bendera juu ya mlingoti, na fimbo ya kutembelea. Bendera ilikuwa alama ya uungu. Lakini fimbo inatafuta nini katika maneno ya mungu? Fimbo kwa lugha yao ilikuwa "medu", na maneno nayo yalikuwa "medu". Hata jina la mwandiko limeandikwa kwa kuazima sauti ya kitu kingine.

Nusu zote mbili za jina la Kigiriki, utakatifu na uchongaji, zina maana katika matumizi. Hiroglifi ulikuwa mwandiko wa mahekalu, makaburi na nguzo za ukumbusho, wa mambo yaliyokusudiwa kudumu. Barua, hesabu za ghala, risiti na kesi za urithi hazikuandikwa hivyo. Kwa shughuli za kila siku makarani walikuwa na mwandiko wa mkato uitwao hieratiki, ulioandikwa kwa kalamu ya tete na wino juu ya mafunjo, na kuanzia karne ya 7 KK ukaja mwingine wa haraka zaidi, demotiki. Kwa hiyo hati ya kale ya Misri si lazima iwe ya hiroglifi, na ukiiona ya mafunjo yenye mistari ya wino iliyokimbizana, uwezekano mkubwa ni hieratiki au demotiki.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa msemo wa kumwambia mtu mwenye hati mbaya kwamba anaandika hiroglifi. Msemo umeenea katika lugha nyingi na anayesema hivyo anaeleweka: anataka kusema maandishi hayasomeki. Lakini katika miandiko yote ya Misri, hiroglifi ndio uliokuwa safi kuliko wote. Mchongaji alihakikisha bundi ana uso wa bundi, nyuki ana mabawa ya nyuki. Alama zilipangwa katika miraba isiyoonekana, ndogo zikabebana juu na chini, ili ukuta usiwe na mapengo. Hata upande wa kuanzia ulionyeshwa wazi: tazama nyuso za watu na wanyama zinaelekea wapi, kisha anza kusoma kutoka upande huo. Wakitazama kulia, anzia kulia.

Tujaribu kwa Kiswahili

Njia bora ninayoijua ya kuuelewa mfumo huu ni kuujenga upya kwa lugha yetu. Tuseme hatuna alfabeti yoyote. Tuna kalamu tu, na tunajua kuchora.

Tunaanza na kaa, yule wa pwani mwenye magando. Rahisi, tunamchora. Kesho tunataka kuandika kaa la moto. Keshokutwa tunataka kumwandikia mtu "kaa hapa". Kuketi si kitu cha kuchorwa kirahisi bila kuchanganya na kupumzika au kusubiri, lakini sauti tayari tunayo: tumchore kaa yuleyule. Sasa msomaji amepata shida, kwani picha moja ina maneno matatu. Basi tunaongeza alama ya pili isiyotamkwa. Kaa akifuatwa na mwali, ni kaa la moto. Akifuatwa na mtu aliyeketi, ni kitendo cha kukaa. Na tukimtaka kaa wa magando hasa, tunamwekea kijiti kimoja pembeni, maana yake: soma kitu chenyewe ukionacho. Wamisri walifanya hivyohivyo, pamoja na kile kijiti.

Alama ile ya kusindikiza, isiyosomwa, tuiite kibainishi. Paka wa mwanzo alikuwa kibainishi.

Tuendelee. Chora kaa, kisha taa. Ukisoma haraka unapata "kata". Hakuna kaa wala taa katika neno kata; sauti zao tu ndizo zilizofanya kazi. Lakini kata ipi? Kuna kukata kwa kisu, kuna kata ya kuchotea maji, kuna kata ya kichwani ya kubebea mzigo. Kibainishi kinarudi: kisu, maji, au kichwa.

Sasa hatua moja zaidi, iliyo ngeni kwetu. Wamisri hawakuandika irabu. Waliandika konsonanti peke yake, na msomaji aliyeijua lugha akajazia mwenyewe, kama msomaji wa Kiarabu kisichotiwa irabu anavyofanya mpaka leo. Tukifanya hivyo kwa Kiswahili, alama zetu mbili zitabaki kuwa K na T tu. Hebu hesabu kinachoweza kusomeka: kata, keti, kiti, kito, koti, kuta, kuti. Maneno saba, sura moja. Bila kibainishi mtu atatapatapa. Ukiweka kisu ni kata. Mtu aliyekunja magoti ni keti. Johari ni kito. Vazi ni koti. Ukuta ni kuta. Mnazi ni kuti. Ghafla hakuna utata wowote, na jicho linalotambaa juu ya mstari linaona pia mahali neno linapoishia, kwa sababu kibainishi hukaa mwisho wa neno. Hawakuacha nafasi kati ya neno na neno. Hawakuihitaji.

Hii ndiyo sababu irabu za Kimisri cha kale tunazozitamka leo ni za makubaliano ya wataalamu. "Miu" na "netjer" ni matamshi ya kusaidia ulimi. Tete na kifaranga cha kware vilisimamia sauti zilizo karibu na y na w zetu.

Turudi Misri na mfano mmoja halisi. Kuna alama ya mstatili wenye uwazi upande wa chini, ramani ya nyumba ndogo iliyoachiwa mlango. Ikiwa na kijiti pembeni, ni "per", nyumba. Alama hiyohiyo ikifuatwa na mdomo, ambao ni sauti r, na miguu miwili inayotembea, si nyumba tena bali ni kitenzi cha kutoka, ambacho konsonanti zake za mwanzo ni p na r. Mdomo pale hauongezi r ya pili. Unathibitisha tu r iliyokwisha kuwamo ndani ya nyumba, kama mtu anayekurudishia neno kuhakikisha umesikia. Na katika neno "mahali" nyumba inakuja mwishoni, kimya kabisa, kibainishi cha pahala. Alama moja, kazi tatu: neno, sauti, kibainishi. Mtu akiuliza "hiyo nyumba maana yake nini?" jibu la kweli ni kwamba inategemea imesimama wapi.

Alama zilizotumika katika Kimisri cha zama zake za katikati zilikuwa kama 700. Ndani yake zipo takriban 24 zinazosimamia konsonanti mojamoja: bundi ni m, mawimbi ya maji ni n, mguu ni b, nyoka mwenye pembe ni f. Ukitaka kuliandika jina Juma kwa hizo, utachora nyoka aina ya fira kwa sauti inayokaribia j, kifaranga cha kware, bundi, tumbusi, kisha mtu aliyeketi kuonyesha kwamba ni jina la mwanamume. Mbinu ya kuandika jina kwa sauti za picha ni ya kale kama mwandiko wenyewe. Jina la mfalme Narmer, wa karibu mwaka 3100 KK, limechongwa kwa kambare na patasi. Kambare alikuwa "nar", patasi "mer".

Sungura, tumbusi na bata

Hiroglifi ya mwisho tunayoijua tarehe yake ilichongwa katika hekalu la kisiwa cha Philae, kusini kabisa mwa Misri, tarehe 24 Agosti 394 BK. Demotiki ilidumu palepale hadi 452. Baada ya hapo wasomaji walikwisha. Lugha yenyewe haikufa. Iliendelea kuzungumzwa na Wakristo wa Misri, Wakopti, ikiandikwa kwa herufi za Kigiriki zilizoongezewa chache. Lakini ufunguo wa zile picha ulipotea.

Kilichobaki ni kitabu cha Kigiriki kinachohusishwa na mtu aitwaye Horapollo, kinachodhaniwa kuwa cha karne ya 5. Nakala yake ilipatikana katika kisiwa cha Andros mwaka 1419 na ikawasisimua wasomi wa Ulaya. Nakipenda kitabu hicho kwa namna kinavyokosea, kwa maana kinakosea huku kikiwa kimeshika jibu mkononi. Kinasema Wamisri wakitaka kuandika "kufungua" humchora sungura, kwa sababu sungura hafumbi macho kamwe. Wakitaka kuandika "mama" humchora tumbusi, kwa sababu tumbusi wote ni majike. Wakitaka kuandika "mwana" humchora ndege wa jamii ya bata, kwa sababu hakuna ndege anayewapenda wanawe kama yeye.

Maana zote tatu ni sahihi! Sungura anaandika kufungua, tumbusi anaandika mama, bata anaandika mwana. Sababu ndizo zilizobuniwa. Alama ya sungura ina sauti "wen", na kufungua ni "wen". Tumbusi ana sauti "mut", na mama ni "mut". Bata ana sauti "sa", na mwana ni "sa". Ni sawa na mgeni asiyejua Kiswahili aambiwe kwamba picha ya kaa maana yake "keti", kisha akae na kuwaza: bila shaka ni kwa sababu kaa hujichimbia shimo na kutulia humo. Angeweza kuandika kitabu kizima cha hekima ya kaa, na asingekaribia ukweli hata kidogo, kwa kuwa ukweli umo katika sauti ya lugha asiyoijua.

Katika karne ya 17 padri msomi Athanasius Kircher aliifuata njia hiyo kwa bidii kubwa, akitafsiri majina ya wafalme kuwa sentensi ndefu za falsafa. Huyohuyo ndiye aliyewahimiza Wazungu kujifunza Kikopti, na hilo lilikuja kuwa na faida kubwa kuliko tafsiri zake zote.

Jiwe lililobadilisha mambo lilipatikana Julai 1799 katika mji wa Rashid, ambao Wazungu waliuita Rosetta, na askari wa Ufaransa waliokuwa wakitengeneza ngome. Lina tangazo la makuhani la mwaka 196 KK kwa heshima ya mfalme Ptolemaio wa Tano, limeandikwa mara tatu: kwa hiroglifi, kwa demotiki na kwa Kigiriki. Maandishi ya Kigiriki mwishoni yanaagiza tangazo lichongwe kwa herufi takatifu, za kienyeji na za Kigiriki. Tangu 1802 jiwe liko London, katika jumba la makumbusho la Uingereza.

Mwingereza Thomas Young alitambua kwamba majina ya kigeni yaliyozungushiwa mviringo mrefu, ule uliozingira majina ya wafalme, kama la Ptolemaio, yaliandikwa kwa sauti. Lakini aliona hiyo ni mbinu ya majina ya wageni tu. Mfaransa Jean-François Champollion ndiye aliyeuvunja ukuta. Desemba 1821 alifanya jambo rahisi kabisa: alihesabu. Maandishi ya Kigiriki yalikuwa na maneno 486. Sehemu ya hiroglifi, iliyovunjika na kubaki pungufu, ilikuwa na alama 1,419. Ikiwa kila picha ni neno, maneno yote hayo yanatoka wapi?

Septemba 1822 alikuwa na nakala ya jina lililochongwa Abu Simbel, hekalu lililojengwa karne nyingi kabla ya Wagiriki kuitawala Misri. Ndani ya mviringo mlikuwa na duara la jua, kisha alama inayofanana na ngozi tatu zilizofungwa pamoja, kisha alama mbili ambazo alikwisha kujua kuwa ni s. Champollion alikuwa amejifunza Kikopti tangu ujanani. Jua kwa Kikopti ni "re". Kuzaa ni "mise". Re, mes, s, s. Ramesses. Jina la mfalme wa Kimisri halisi, si mgeni, limeandikwa kwa jua linalosomwa kama neno na alama zinazosomwa kama sauti, bega kwa bega. Tarehe 27 ya mwezi huohuo ugunduzi wake ulisomwa mbele ya wasomi Paris.

Ndugu wa hiroglifi, na wasio ndugu

Picha isiyofungwa kwenye lugha yoyote, kama ile ya mwanamke na mwanamume kwenye mlango wa choo, huitwa piktogramu. Inaonyesha kitu, nawe unaitamka upendavyo au huitamki. Alama inayobeba wazo huitwa ideogramu. Tarakimu 7 iko karibu na hapo: mmoja anaisoma saba, Mfaransa anaisoma "sept", na wote wawili hawajakosea. Alama inayosimamia neno mahususi la lugha mahususi ni logogramu. Michoro ya mapangoni, kama ile ya Lascaux kule Ufaransa, haimo katika kundi lolote la maandishi. Ni sanaa, na kuiita hiroglifi ni kuipa sifa isiyo yake.

Emoji nazo? Jina lake ni la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi, halina uhusiano na neno la Kiingereza la hisia ingawa yanafanana. Mtu akituma mfululizo wa emoji kumi bila neno hata moja, watu wawili watauelewa kwa namna mbili. Huo si mwandiko. Lakini akiandika "Haya, asante" na kuweka uso unaocheka, au akaandika maneno hayohayo na kuweka uso ulionuna, ule uso hausomwi kwa sauti na bado umebadilisha kila kitu. Ni kibainishi, kinafanya kazi ileile ya paka mwishoni mwa "miu". Katika hilo tu, naona wanaolinganisha emoji na hiroglifi wana haki.

Herufi za Kichina ndizo zinazoonewa zaidi. Zipo chache zilizoanza kama picha: jua, mwezi, mti, miti miwili ni kichaka, mitatu ni msitu. Hizo ndizo watu huonyeshwa, wakaondoka wakiamini Kichina chote kimechorwa hivyo. Sehemu kubwa ya herufi zake zimejengwa kwa vipande viwili, kimoja cha maana na kimoja cha sauti. Mama huandikwa kwa mwanamke na farasi. Farasi ni "ma", ndiye anayetoa sauti; mwanamke anabainisha. Mkondo ni uleule wa Mto Nile, ingawa watu hawa hawakufundishana.

Wamaya wa Amerika ya Kati nao waliweza kuandika "balam", yaani jagwa, mnyama wa jamii ya chui, kwa kuchora kichwa cha jagwa, au kwa alama za silabi ba-la-ma, au kwa kuchanganya vyote viwili, kichwa kikisindikizwa na silabi ya kuthibitisha. Wasomi walikataa kwa muda mrefu kwamba alama zile zina sauti. Ilibidi Mrusi Yuri Knorozov aonyeshe njia mwaka 1952. Maandishi ya Wamaya pia huitwa hiroglifi, na si kosa, mradi useme "hiroglifi za Wamaya" ili msomaji asidhani zimetoka Misri. Vivyo hivyo ufalme wa Meroe, katika Sudan ya leo, ulikuwa na hiroglifi zake: walichukua sura za Kimisri lakini wakazitumia kama herufi za sauti tu, zisizozidi 25 hivi. Tunaweza kuzitamka. Lugha yenyewe bado haijaeleweka vya kutosha.

Kulitumia neno

Hiroglifi hukaa vizuri katika ngeli ya i-/zi-: hiroglifi hii ya bundi inasomwa m, hiroglifi hizi zimefutika. Unapozungumzia mfumo mzima, ni bora kusema mwandiko wa hiroglifi au maandishi ya hiroglifi. Kiunganishi cha -a kinatosha na hatuna haja ya kutunga kivumishi kipya.

Kosa ninalolikuta sana ni kuufanya mwandiko kuwa lugha: "Wamisri walizungumza hiroglifi", "ametafsiri kutoka hiroglifi". Hakuna aliyezungumza hiroglifi. Walizungumza Kimisri. Sisi tunapaswa kuliona hili haraka kuliko wengi, kwa sababu Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa na sasa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na utenzi wa zamani ukihamishwa kutoka hati moja kwenda nyingine unabaki kuwa Kiswahili kilekile. Kuhamisha herufi ni unukuzi. Kutafsiri ni kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Usiyaite pia maandishi ya siri. Yalisomwa na wachache kwa sababu waliosoma walikuwa wachache, lakini nguzo zilisimamishwa nje ya mahekalu ili zionekane.

Tena, Kimisri hiki hakiko mbali na vinywa vyetu. Ile nyumba yenye mlango, "per", ikiwekwa pamoja na nguzo ya mbao iliyolazwa, inayosomwa "aa" na kumaanisha kubwa, inatoa "per-aa", nyumba kuu. Mwanzoni ilikuwa jumba la kifalme, baadaye ikawa mfalme mwenyewe. Neno hilo lilipita katika Kiebrania na Kiarabu likatufikia kama Firauni, na kwa kuwa katika masimulizi ya dini mfalme huyo ni dhalimu, Kiswahili kimelifanya pia jina la mtu mwovu na kutoka hapo kikapata ufirauni. Ndani ya tusi hilo imo picha ya nyumba.

Na herufi zenyewe tunazoandikia zina asili hapo. Huko Serabit el-Khadim, katika machimbo ya feruzi ya Sinai, karibu miaka 3,800 iliyopita, watu wenye lugha ya jamii moja na Kiarabu na Kiebrania walichora alama wakiiga hiroglifi zilizowazunguka. Hawakujua au hawakujali sauti zake za Kimisri. Walichukua kichwa cha ng'ombe, wakakiita kwa lugha yao "alp", wakakitumia kwa sauti ya kwanza ya jina hilo tu. Nyumba, "bet", ikawa b. Maji, "mem", yakawa m. Jicho, "ain", likawa sauti ya ain. Wataalamu wengi wanakubali kwamba kutoka hapo, kupitia Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni, zikazaliwa herufi za Kigiriki na za Kilatini upande mmoja, na za Kiarabu upande mwingine. Igeuze A juu chini na pembe za ng'ombe bado zipo. Katika Kiarabu pembe zimenyooka zikawa mstari mmoja, ndiyo alifu tunayoitaja tunaposema mtu kaeleza jambo alifu kwa ujiti. Inayofuata ni be, ile nyumba. Waarabu waliita nyumba "bayt" na wakaita hivyohivyo mstari wa shairi, nasi kwa jina hilohilo tukapata ubeti.